Mtoto wa Mwisho Darasani: Ufaulu na Tofauti za Elimu Kariakoo

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya bendera ya Tanganyika kupanda, chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilifunguliwa ukingoni mwa Kariakoo. Kilianzia katika jengo la TANU, kwenye mtaa unaoitwa leo Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika ishirini. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Lakini kwa kipindi kile kifupi mwanafunzi wa sheria na kuli wa sokoni walipishana njia moja, na chama kilichotoa jengo kilikuwa chama cha watu wa mitaa hiyo hiyo: makarani, madereva, wauza samaki, na akina mama wa vikundi vya lelemama waliojiunga kwa wingi kuanzia 1955 kwa juhudi za Bibi Titi Mohamed. Wengi wao hawakuwahi kukaa darasani. Walitaka watoto wao wakae.

Walijua wanachokidai, maana tofauti ya elimu waliiona kila siku kwa macho. Mipango ya mji ya Wajerumani, na baada yao Waingereza, iliigawa Dar es Salaam mapande matatu: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na baadaye Ilala. Uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao leo watu huufikiria kuwa uwanja wa sherehe na mikutano, uliachwa wazi kwa makusudi ili kuutenga mji wa Waafrika na mji wa Wahindi. Shule nazo zilikuwa za rangi. Kila rangi ilikuwa na majengo yake, fedha zake na kiwango chake cha matarajio. Tambaza tunayoijua leo ilianza kama shule ya Aga Khan. Mwaka 1962 mfumo huo ulifutwa kisheria, na mtoto akaandikishwa bila kuulizwa baba yake ametoka bara gani.

Mhadhara huu unahusu tofauti iliyokuja baadaye, isiyoandikwa katika sheria yoyote. Hoja yake ni moja. Elimu ya nchi inapaswa kupimwa kwa mtoto wa mwisho darasani, yule aliyesukumwa dawati la nyuma na bado hajui kusoma. Nchi inayojipima kwa wastani wa watoto wote hujidanganya, na inaweza kujidanganya kwa muda mrefu sana. Marekani, pamoja na utajiri wake wote, imejifunza jambo hilo kwa uchungu katika miaka ya karibuni, na ndiyo sababu inafaa kuanza na Wamarekani kabla ya kurudi Kariakoo.

Marekani ina mtihani wa kitaifa unaojulikana kwa kifupi kama NAEP. Hufanywa na sampuli ya wanafunzi. Hautoi cheti, haumpeleki mtoto popote, wala hakuna shule inayopewa kombe kwa ajili yake, kwa hiyo hakuna mwalimu mwenye sababu ya kuwakaririsha watoto maswali. Matokeo ya 2024, yaliyotangazwa Januari 2025, yalionyesha kuwa karibu theluthi moja ya wanafunzi wa darasa la nane hawakufika hata kiwango cha chini cha kusoma. Hali mbaya kiasi hicho haijawahi kuonekana katika historia ya mtihani huo. Wengi waliilaumu korona, na kweli korona ilichangia. Ila takwimu zilikuwa zimeanza kuinama mapema, karibu mwaka 2013, na walioinama walikuwa watoto wa chini. Wale wa juu walibaki pale pale au walipanda kidogo. Wastani ulificha jambo hilo kwa miaka kadhaa, kwa sababu anayepanda humfunika anayeshuka.

Kwa nini wa chini? Sababu ni nyingi na Wamarekani wenyewe wanabishana, lakini mojawapo ina mizizi mirefu. Sehemu kubwa ya fedha za shule zao hutokana na kodi ya majengo ya eneo husika. Penye nyumba za bei kubwa pana shule tajiri. Wazazi wa Edgewood, eneo maskini la San Antonio katika jimbo la Texas, walifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani wakilalamikia utaratibu huo. Mwaka 1973 walishindwa kwa kura tano dhidi ya nne, na mahakama ikasema katiba ya shirikisho haiitaji elimu kuwa haki ya msingi. Hukumu hiyo ingali inasimama.

Tanzania haikufuata njia hiyo, na hapo pana jambo la kujivunia. Ruzuku ya uendeshaji wa shule hutoka Hazina, na kwa hesabu ya kitabuni kila mtoto ni sawa: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, shilingi 25,000 kwa wa sekondari. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na kuanzia Januari 2016 wazazi wakafurika kuandikisha watoto darasa la kwanza. Mtoto wa Gerezani na mtoto wa Masaki, wakisoma shule ya serikali, wanahesabiwa fungu lile lile. Sasa tofauti inaingilia wapi?

Kabla ya kujibu ni lazima kuzungumza kuhusu asilimia, kwa sababu asilimia ndizo zimetufumba macho.

Mwaka 2012 waliofaulu mtihani wa kumaliza darasa la saba nchini walikuwa asilimia 31 hivi. Kufikia 2019 walikuwa wamevuka asilimia 80, na wamebaki karibu na hapo hadi leo. Kidato cha nne nako ufaulu wa 2024 umepita asilimia 90. Mtu akitazama namba hizo peke yake atadhani nchi imefanya muujiza. Lakini katika mtihani wa darasa la saba, aliyepata alama 121 kati ya 300 amefaulu. Maswali mengi ni ya kuchagua jibu. Na katika mtihani ule ule wa kidato cha nne, somo la hisabati lilifaulisha mtahiniwa mmoja tu kati ya watano mwaka 2021, na hali ikawa karibu hiyo hiyo mwaka 2022. Wanne kati ya watano, baada ya miaka kumi na moja shuleni, waliangushwa na hesabu. Kariakoo, ambako maisha yote ni hesabu, namba hiyo inapaswa kumnyima mtu usingizi.

Nchi iliwahi kuona upande wa pili wa asilimia, na haikupenda ilichokiona. Kisa hicho kinastahili kukumbukwa kwa kirefu.

Kati ya 2005 na 2010, serikali ilijenga sekondari kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana Afrika Mashariki. Ulikuwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Lowassa, aliusukuma kwa nguvu zake zote. Kila kata iwe na sekondari. Idadi ya sekondari ikapanda kutoka 1,745 hadi zaidi ya 4,200, na wanafunzi kutoka laki tano na ushei hadi zaidi ya milioni moja na laki sita. Wanaozibeza shule za kata wakumbuke kuwa kabla ya shule hizo mtoto wa mama lishe alikuwa akimaliza darasa la saba na kwenda moja kwa moja kuosha vyombo. Shule za kata zilimfungulia mlango. Tatizo ni kwamba nyuma ya mlango hapakuwa na mwalimu. Vijana waliotoka kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa kufundisha. Wanafunzi wakawaita Voda Fasta, kwa jina la vocha ya simu ya siku hizo. Maabara zilikuwa chumba kitupu. Ufaulu wa kidato cha nne ukashuka kutoka karibu robo tatu ya watahiniwa mwaka 2009 hadi nusu mwaka 2010.

Kisha ikaja Februari 2013. Waziri wa Elimu, Dk. Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2012: zaidi ya vijana 240,000, asilimia 60 ya waliofanya mtihani, walikuwa wamepata daraja sifuri. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume iliyoongozwa na Profesa Sifuni Mchome, na mwezi Mei serikali ikaliambia Bunge kuwa matokeo yamefutwa na yatapangwa upya. Yalipotoka tena, waliofaulu walikuwa wamepanda kutoka asilimia 34 hadi 43. Maelezo yalikuwa kwamba Baraza la Mitihani lilikuwa limebadili utaratibu wa kupanga madaraja bila maandalizi ya kutosha. Huenda maelezo hayo yalikuwa sahihi kabisa kiufundi. Lakini karatasi za majibu zilikuwa zile zile, vijana walikuwa wale wale, na walichokijua hakikuongezeka hata herufi moja kati ya Februari na Mei.

Tangu hapo mjadala wa elimu nchini umekuwa mjadala wa madaraja. Mwaka 2014 tukaingia mfumo wa wastani wa alama, muda si mrefu tukarudi kwenye madaraja ya kwanza hadi sifuri. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, likieleza kuwa kulinganisha shule zenye mazingira tofauti hakuna tija. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Orodha ile ilikuwa tangazo la bure kwa shule zinazochuja watoto mlangoni, halafu zinasifiwa kwa kile walichokuja nacho. Ila kufuta orodha ya wa kwanza hakukutupatia orodha ya wa mwisho.

Waliowahi kuwatafuta wa mwisho ni Uwezo, mpango ulioanza 2009 chini ya asasi ya Twaweza na kufanya kazi Tanzania, Kenya na Uganda. Njia yao ilikuwa nyepesi na ya kijasiri. Walipeleka watu wa kujitolea majumbani, wakawapa watoto kipande cha hadithi ya darasa la pili na hesabu za darasa la pili, wakawaambia wasome na wakokotoe pale pale, mbele ya mama na jirani. Ripoti ya kwanza ya Tanzania, ya 2010, ilionyesha kuwa mtoto mmoja kati ya watano waliokuwa wakimaliza shule ya msingi hakuweza kusoma Kiswahili cha darasa la pili. Kwa Kiingereza walioshindwa walikuwa nusu ya wote waliokuwa wakimaliza. Wapo waliokasirika, wakisema asasi imetafuta umaarufu. Mwaka 2012 Wizara yenyewe ikakiri kuwa wanafunzi zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Walifauluje? Walichagua majibu, na baadhi ya majibu yalikuwa sahihi.

Katika vipimo vya namna ile Dar es Salaam kwa kawaida hufanya vizuri kuliko mikoa mingi. Hapo ndipo mtoto wa Kariakoo anapopotea. Mkoa ukiwa juu, nani ataenda kumtafuta aliye chini ndani ya mkoa?

Katikati ya jiji pana msongamano wa shule usiopatikana kwingine nchini. Ndani ya mwendo wa miguu kuna Uhuru Mchanganyiko, inayopokea pia watoto wasioona na wenye ulemavu mwingine. Kuna Mnazi Mmoja, Lumumba na Gerezani. Kuna sekondari za Azania, Jangwani, Kisutu, Jamhuri na Benjamin Mkapa. Anayetazama ramani atasema mtoto wa hapa amebahatika. Lakini nyumba za Kiswahili zenye vyumba sita na ua, zilizokuwa zimelijaza eneo hili, zimepisha maghorofa ya fremu na stoo, na wapangaji wamesogezwa Buguruni, Vingunguti, Mbagala, Gongo la Mboto. Kazi yao imebaki Kariakoo. Kwa hiyo asubuhi mama anakuja na mtoto, mama kwenye jiko la uji na maandazi, mtoto shuleni, na jioni wanarudi pamoja. Wengine huja peke yao.

Hapo pana mlango wa kwanza wa tofauti, nao ni mlango wa daladala. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200. Nauli ya chini ya mtu mzima, tangu Desemba 2023, ni 600. Dereva na konda wana hesabu ya kupeleka kwa tajiri kila jioni, gari iwe imejaa au haikujaa, na kila kiti cha mwanafunzi kinawapunguzia theluthi mbili ya nauli. Hakuna haja ya kuwaita makonda watu wabaya. Hesabu yenyewe ndiyo inayomsukuma mtoto nyuma. Serikali imepanga punguzo la mwanafunzi na kumwachia konda alipie. Matokeo yake ni denti anayesimama kituoni magari manne yakipita, anafika saa mbili na nusu, kipindi cha kwanza kimekwisha. Kipindi cha kwanza mara nyingi ni hisabati au kusoma, kwa sababu walimu hupenda kufundisha masomo mazito akili zikiwa bado mbichi. Masika yakija, Bonde la Jangwani likajaa maji na Barabara ya Morogoro kufungwa, wanaotoka upande wa Magomeni nao hukwama. Mtoto anayeletwa kwa gari la baba hupita njia nyingine.

Mlango wa pili ni darasa lenyewe. Mwongozo wa serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Tangu 2016 shule nyingi za serikali jijini zimekuwa na madarasa ya watoto mara mbili ya idadi hiyo na zaidi, na baadhi zinasomesha kwa zamu, wengine asubuhi wengine mchana. Fedha za UVIKO-19 zilizotolewa mwishoni mwa 2021 zilijenga madarasa 15,000 nchini, mengi ya sekondari, na zilisaidia sana. Lakini kuta hazisikilizi mtoto akisoma kwa sauti. Mwalimu mwenye watoto 90 na kipindi cha dakika 30 ana sekunde 20 kwa kila mtoto, kama hatafanya kitu kingine chochote. Hawezi kumsikiliza kila mmoja. Anawasikiliza wanaonyoosha mikono, na wanaonyoosha mikono ndio wanaojua. Hakuna ubaya wa moyo hapo. Hata mwalimu mwenye huruma kuliko wote, akiwekwa mbele ya umati huo, atajikuta anawafundisha wale wa mbele.

Mlango wa tatu ni twisheni. Kwa kuwa mwalimu hatoshi mchana, anauzwa jioni. Kuna twisheni za uani, za ghorofani, za nyumbani kwa mwalimu, na zile za darasani baada ya kengele, ambazo huitwa masomo ya ziada na wakati mwingine ndipo mada ya mchana inapomaliziwa. Ada ilifutwa mchana ikarudi saa kumi. Mzazi mwenye duka Mtaa wa Kongo analipa bila kufikiri mara mbili. Winga anayetegemea kamisheni ya mteja wa leo hulipa wiki hii, wiki ijayo halipi, na mtoto anahudhuria kwa vipande. Mama lishe halipi kabisa, tena saa hiyo anamhitaji binti yake amsaidie kuosha sufuria na kubeba ndoo za maji. Watoto hawa watatu wanakaa dawati moja mchana. Wakifika darasa la saba watakuwa wamesoma shule tatu tofauti, na wote watahesabiwa kuwa walisoma bure.

Mlango wa nne ndio mzito kuliko yote, na ni lugha.

Mtoto wa Kariakoo anakulia katika Kiswahili kilichokamilika. Anakisikia kikitumika kujadiliana bei, kusuluhisha ugomvi, kuhesabu faida ya mzigo kutoka China, kusoma dua, kutangaza mpira wa Simba na Yanga. Anafundishwa kwa lugha hiyo miaka saba. Siku ya kwanza ya kidato cha kwanza lugha hiyo inafungwa, na biolojia, jiografia na hesabu zinaanza upya kwa Kiingereza ambacho hajawahi kukitumia kununua hata andazi. Mwaka 1982 tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari. Mwaka 1984 wataalamu wawili Waingereza, Clive Criper na Bill Dodd, walichunguza shule na kukuta kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi hakitoshi kabisa kusomea masomo mengine. Serikali ikabaki na Kiingereza. Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametumia miaka mingi akionyesha jambo ambalo kila mwalimu wa sekondari analijua: mwanafunzi hukariri sentensi asizozielewa, na mwalimu hueleza somo kwa Kiswahili kwa siri kisha akaandika ubaoni kwa Kiingereza. Sera ya Elimu ya 2014 ilitamka kuwa Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Toleo lake la 2023 likarudisha sekondari kwenye Kiingereza.

Nani ananufaika na uamuzi huo? Mwenye uwezo wa kununua Kiingereza mapema. Shule binafsi za Inglish midiamu zimeenea jijini tangu soko la elimu lifunguliwe miaka ya 1990, na zipo shule ambazo ada zake hutajwa kwa dola. Serikali yenyewe ina shule za msingi za Kiingereza katikati ya jiji, Olympio na Diamond zikiwa maarufu zaidi, ambako wazazi huchangia gharama na foleni ya kuomba nafasi ni ndefu. Kwa mguu ni mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo. Mtoto wa Diamond na mtoto wa Gerezani wanakutana kidato cha kwanza wakiwa na kitabu kimoja cha fizikia. Mmoja anakisoma, mwingine anatazama picha. Miaka minne baadaye Baraza la Mitihani linawapa karatasi moja na kuandika matokeo kana kwamba lilipima fizikia.

Mwandishi wa mhadhara huu hapingi Kiingereza. Mtoto wa Kariakoo anakihitaji, na wazazi wanaouza kiwanja ili mtoto asome Inglish midiamu si wajinga. Wanaijua nchi yao. Kinachopingwa ni kukifanya Kiingereza kuwa uzio wa masomo mengine yote. Kifundishwe kama somo, na walimu waliobobea, kuanzia darasa la kwanza kama mtaala mpya unavyotaka. Fizikia ifundishwe kwa lugha ambayo mtoto anaweza kuulizia swali.

Wapo watakaosema tatizo ni umaskini na shule haiwezi kuuponya. Hoja hiyo ni ya zamani. Mwaka 1966 mwanasosholojia James Coleman aliipelekea serikali ya Marekani ripoti kubwa iliyoonyesha kuwa mazingira ya nyumbani yalieleza zaidi tofauti za ufaulu kuliko vifaa vya shule. Wengi waliitumia kukata tamaa. Lakini jimbo la Mississippi, ambalo limekuwa miongoni mwa majimbo maskini kuliko yote nchini humo, lilipitisha sheria ya kusoma mwaka 2013. Wakufunzi wa kusoma walipelekwa ndani ya madarasa kukaa na walimu. Watoto wakapimwa mapema, na asiyejua kusoma mwisho wa darasa la tatu akapewa msaada wa ziada kabla ya kuvushwa. Katika kusoma kwa darasa la nne jimbo hilo lilikuwa la 49 mwaka 2013. Mwaka 2024 lilikuwa la 9. Umaskini wa Mississippi haukuondoka. Watoto walijifunza wakiwa maskini.

Ushahidi wa nyumbani ni bora zaidi, na ni aibu kwamba unajulikana kwa wachumi kuliko kwa madiwani. Mwaka 2013 na 2014 Twaweza na watafiti, wakiwemo Isaac Mbiti na Karthik Muralidharan, walifanya jaribio katika shule 350 za msingi kwenye wilaya 10 za Tanzania. Kundi moja la shule lilipelekewa ruzuku kamili ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Katika kundi la pili walimu waliahidiwa malipo kwa kila mtoto wa madarasa ya chini aliyefaulu kusoma na kuhesabu. Kundi la tatu lilipata vyote. Fedha peke yake, baada ya miaka miwili, haikuongeza alama za watoto. Malipo kwa walimu peke yake yalileta mabadiliko madogo yasiyo na uhakika. Pale vilipokwenda pamoja, watoto walijifunza zaidi, na ongezeko lilizidi jumla ya vile viwili.

Mwalimu asiye na vitabu hafundishi vizuri hata akiahidiwa dhahabu, na vitabu visivyo na mwalimu darasani hujaa vumbi. Uchunguzi wa Benki ya Dunia wa 2014 ulikuta kuwa karibu nusu ya walimu wa shule za msingi hawakuwa darasani wakati walipotakiwa kuwa wanafundisha, wengi wao wakiwa ndani ya eneo la shule. Hilo ni swali la usimamizi na la heshima ya kazi kwa pamoja. Tahadhari moja ni muhimu: malipo kwa kila anayefaulu yanaweza kumfanya mwalimu awashughulikie wanaokaribia kufaulu na kumwacha wa mwisho palepale. Ikiwa serikali itaichukua njia hiyo, ilipe zaidi kwa aliyeanzia chini.

Kwa Kariakoo, mengi yanaweza kufanywa bila kusubiri sera mpya. Tangu 2021 eneo hili liko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, iliyotokana na Ilala, na ushuru na leseni za mitaa hii ni miongoni mwa vyanzo vyake vikubwa. Halmashauri inaweza kuagiza kila mtoto wa darasa la pili asikilizwe akisoma, mmoja mmoja, kila muhula, kwa hadithi ya ukurasa mmoja kama ile ya Uwezo. Matokeo yabandikwe kwenye ubao wa shule na ofisi ya serikali ya mtaa: ni watoto wangapi hawajui, bila majina yao. Walimu bora wa shule wapangwe darasa la kwanza na la pili, ambako leo mara nyingi hupelekwa aliyekuja karibuni au anayekaribia kustaafu. Tofauti ya nauli ya mwanafunzi ilipwe na mamlaka iliyoipanga, ili kiti cha denti kimlipe konda sawa na kiti cha mtu mzima. Na vyumba vya madarasa vifunguliwe hadi saa kumi na mbili kwa mtoto ambaye mama yake bado yuko kwenye jiko, akiwepo mtu mzima wa kumsikiliza, bila malipo. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mkopo wa nje.

Muda hautoshi, na tarehe inajulikana. Kwa mtaala mpya ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Mwaka 2027 watoto wa darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo. Pembezoni mwa jiji pana viwanja vya kujenga. Kariakoo hakuna, kila futi ya ardhi ina fremu juu yake. Azania, Jangwani, Kisutu na Benjamin Mkapa zitaombwa nafasi na watoto wa mkoa mzima, na kigezo kikiwa alama za mtihani wa kuchagua majibu, aliyelipiwa twisheni atatangulia. Watakaoingia siku hiyo wako madarasani tayari. Wa mwisho kati yao anaweza kutambuliwa wiki hii, kwa kumpa ukurasa mmoja na kumwomba asome kwa sauti.